Paka amejificha uvunguni siku ya pili: nimwache au nimtoe?

"Daktari, shikamoo. Nina paka dume wa miaka minne, wa kijivu, tunaishi Pasua hapa Moshi. Tangu juzi jioni ameingia uvunguni mwa kitanda cha watoto, kule nyuma kwenye masanduku, hataki kutoka. Dagaa wake hajawagusa. Sioni damu, halii, na siwezi kujua kama anachechemea maana hatembei. Jana usiku nilimpapasa akaanza kukoroma vile anavyokoroma akiwa na raha, nikasema amepona, lakini asubuhi nimemkuta palepale. Mama mkwe anasema nimwache, paka akijua siku zake zimefika hujitenga afe kwa heshima, na kumsumbua ni dhambi. Jirani amenipa nusu ya Panadol nimsagie kwenye maziwa. Nimtoe kwa nguvu, nimpe dawa, au nimwache?"

Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yatafuata. Mpeleke kwa daktari wa wanyama leo hii, usingoje kesho. Na ile nusu ya Panadol usimpe. Kama ulishampa, usiendelee kusoma: mfunge kwenye khanga, panda bajaji uende naye sasa hivi, hata kama kwa macho yako anaonekana hana neno.

Hiyo Panadol naitanguliza kwa sababu inaweza kumuua kabla ugonjwa wenyewe haujafika popote. Ini la mtu lina kimeng'enya kinachoikamata parasetamoli, yaani dawa yenyewe iliyomo ndani ya Panadol, kuifunga na kuisukuma itoke na mkojo. Paka kimeng'enya hicho anacho kidogo mno, karibu sawa na kutokuwa nacho. Dawa inabaki mwilini, inageuka sumu, na sumu inazivamia chembe nyekundu za damu mpaka zinashindwa kubeba oksijeni. Mnyama anavuta pumzi lakini hewa haimfikii. Fizi zake, ambazo kawaida ni za waridi, zinakuwa za kahawia kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni, na uso na miguu ya mbele vinavimba. Paka wa kilo 4 akipewa nusu ya kidonge cha miligramu 500 amepata zaidi ya miligramu 60 kwa kila kilo ya mwili wake, na wapo paka waliodhurika kwa miligramu 10 tu kwa kilo. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, ileile wanayopewa hospitalini watu waliokunywa parasetamoli kupita kiasi, ila ni ya kuwahi. Brufen, diklofenaki na aspirini ziweke kapu hilohilo. Jirani yako hakuwa na ubaya wowote, alimwazia paka kama mtoto mdogo mwenye homa. Tatizo ni kwamba paka si mtoto mdogo, wala si mbwa mdogo.

Sasa twende kwa mama mkwe, kwa heshima zote, maana hayo anayosema nimeyasikia tangu nikiwa mdogo kule Kibosho. Nusu yake ni kweli. Paka mgonjwa hujitenga. Lakini habari za siku zake kufika hana, na hakuna dalili kwamba mnyama huyu anajua kifo ni nini. Ukitaka kuona imani hii inakotoka, fikiria paka watano wa mtaa mmoja walioumwa wakajificha. Watatu wanapata nafuu, wanatoka usiku kimyakimya na kurudi kwenye panya wao, hakuna aliyejua hata kama waliumwa. Wawili wanakufa, na mtu anakuja kuwagundua kwa harufu, mmoja nyuma ya ghala, mwingine chini ya migomba. Basi hao wawili ndio wanaosimuliwa, na simulizi inakuwa kwamba paka huenda kufa mbali. Wale watatu waliotoka wazima hawakuhesabiwa na mtu.

Kinachompeleka uvunguni ni kitu cha zamani zaidi ya nyumba zetu. Paka wetu wote, yule wa kijivu wa Pasua na yule anayelala dukani juu ya magunia ya maharage, wametokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye mpaka leo yuko huko porini Serengeti na kwingineko, na ukimwona jioni kwa mbali unaweza kuapa ni wa mtu. Mnyama huyu anawinda peke yake na analala peke yake. Simba akiumia, wenzake wanaua nyama na yeye anakwenda kula. Mbwa vilevile ana asili ya kundi, akikanyagwa mguu analia mtaa mzima usikie, kwa sababu kilio chake kina mtu wa kukisikia. Paka-mwitu akilia atasikiwa na nani? Na chui, na tai, na simbamangu, na chatu. Yeye anawinda panya lakini mwenyewe pia ni kitoweo cha wengine, kwa hiyo aliyeonyesha udhaifu hakuishi muda wa kutosha kuzaa. Waliobaki ni wale waliojua kuumwa bila kuonekana, na hao ndio mababu wa paka wako.

Juu ya hilo kuna jambo la pili linalotokea ndani ya mwili. Kinga ya mwili inapopambana na vijidudu au jeraha, inatuma kemikali zinazofika hadi kwenye ubongo na kutoa amri: lala, usile, usitembee, usitake kuguswa. Wewe mwenyewe ukishikwa na malaria unaijua hali hiyo, unavuta blanketi na hutaki hata sauti ya redio. Paka naye anaipata, ila blanketi lake ni giza, kona, na kitu cha kuegemeza mgongo. Ndiyo maana masanduku yenu yamempendeza.

Kwa hiyo mahali alipojificha mheshimu napo, hapana ubaya. Ubaya ni kuuachia ugonjwa nafasi kwa jina la kumheshimu. Kwa mbwa, siku mbili za kunyong'onyea zinaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa. Kwa paka, siku unayogundua kwamba ameanza kujificha mara nyingi ugonjwa umeshatembea mwendo mrefu, alikuwa anaficha tu.

Na kule kukoroma? Hilo limewadanganya wengi, nami mwanzoni mwa kazi lilinidanganya. Ile mashine ya kooni huwashwa akiwa na raha, ni kweli, lakini huwashwa pia akiwa na maumivu makali, akiwa anazaa, na hata akiwa anakata roho mezani kwangu. Nimewahi kumshika paka aliyevunjika nyonga kwa pikipiki huku anakoroma kama yuko jikoni kwenye majivu ya moto. Usilitumie kama kipimo.

Kipimo kizuri zaidi ni uso. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walitoa njia ya kusoma maumivu kwenye uso wa paka kwa kuangalia mambo matano, na yote unaweza kuyaona ukiwa umelala kifudifudi sakafuni na mwanga kidogo wa simu, usimmulike machoni. Masikio yake yamesimama yakitazama mbele, au yametengana na kulalia pembeni? Macho yako wazi, au ameyabana nusu kama anayetazama jua? Pua na mdomo vimelegea vikiwa duara, au vimekaza? Sharubu zimelegea na kupinda, au zimenyooka kama nyaya? Na kichwa kiko juu ya mabega, au kimeshuka chini yake? Paka aliyelala tu kwa uvivu hawezi kukupa majibu yote matano mabaya.

Nije kwa paka wako mwenyewe, maana kuna neno moja kwenye barua yako lililonifanya niseme leo na si kesho. Neno hilo ni dume.

Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana mwishoni. Chembechembe kama mchanga, pamoja na ute, vinaweza kuiziba kama uchafu unavyoziba bomba la sinki. Kibofu kinajaa, kinakuwa kigumu kama limau lisiloiva, figo zinashindwa kufanya kazi, potasiamu inapanda kwenye damu, na potasiamu ikipanda sana moyo unasimama. Kutoka kuziba kabisa mpaka kufa zinaweza kupita siku mbili, au pungufu. Dalili zake ni kuchuchumaa mara kwa mara bila kitu kutoka, kulia akijaribu kukojoa, kujilamba sana sehemu za siri, halafu baadaye kutapika, kunyong'onyea na kujificha. Watu wengi wanadhani amefunga choo kikubwa, wanamnywesha mafuta ya kula.

Nilijifunza hili kwa gharama ya paka wa mtu. Miaka mingi iliyopita mama mmoja alinipigia saa tatu usiku, akaniambia dume lake limekaa nyuma ya pipa la maji tangu mchana. Nilikuwa nimetoka Uru kumzalisha ng'ombe, nimechoka, nguo zina damu. Nikamwambia amwache apumzike, nitapita asubuhi. Sikumwuliza kama anakojoa. Asubuhi nilikuta wamemfunika na gunia. Tangu hapo mtu akinipigia kuhusu paka dume, kabla sijauliza jina nauliza mkojo.

Nawe, hicho ndicho kitu ninachotaka ukiangalie kwanza. Najua paka zetu wanajisaidia nje, bustanini au kwenye rundo la mchanga wa ujenzi wa jirani, hivyo hakuna anayejua kama wamekojoa au la. Inama uangalie uvunguni kama kuna mahali penye unyevu au harufu. Funga mlango wa chumba, weka karai lenye mchanga mkavu karibu na kitanda, ukae mbali kidogo. Mchanga ukilowa na kufanya bonge kubwa, angalau mkojo unatoka. Akichuchumaa na kutoka patupu, au matone mawili yenye damu, usingoje hata saa moja. Tumbo usiliminye kutafuta kibofu, kinaweza kupasuka.

Kama mkojo upo, kinachofuata kwenye orodha yangu ni jipu la ugomvi, hasa kama hajahasiwa. Dume wa miaka minne asiyehasiwa anapigana, hilo halina mjadala. Meno ya paka ni kama sindano: yanaingia ndani sana na kuacha tundu dogo linalofunga kwa siku moja, likiwa limeshazika vijidudu chini ya ngozi. Siku ya pili mpaka ya nne usaha unajaa, homa inapanda, naye anaingia uvunguni. Ndiyo maana huoni damu. Damu ilikauka na ngozi ikajifunga juu ya uozo. Mwaka juzi niliitwa Kiboriloni kumwona paka wa ghala la mahindi aliyekuwa amejibana nyuma ya magunia, mwenyewe ameshamkatia tamaa. Nilipopitisha vidole karibu na shina la mkia, manyoya yalikuwa yameshikamana sehemu ndogo kama punje ya mahindi, na chini yake ngozi ina moto na inabonyea. Nilipolifungua, harufu ilimtoa mwenye nyumba nje. Nikaosha, nikamchoma sindano ya antibiotiki na ya maumivu inayofaa paka. Jioni ya siku ya pili alipigiwa sahani ya dagaa akatoka mwenyewe.

Inaweza pia kuwa kugongwa na pikipiki au kuanguka kutoka juu ya paa, ambapo ngozi inabaki nzima lakini ndani kuna mfupa uliovunjika au mapafu yaliyobanwa. Inaweza kuwa sumu ya panya: zile zinazozuia damu kuganda hazionyeshi kitu siku ya kwanza, halafu siku kadhaa baadaye mnyama anavuja damu ndani kwa ndani, fizi zinakuwa nyeupe, na tiba yake ni vitamini K kutoka kwa daktari. Nakuuliza pia, bila kukulaumu: kuna mtu amempaka dawa ya kupe wiki hii? Huku kwetu kwenye ng'ombe wa ndani, dawa ya kuogeshea ng'ombe iko karibu kila kaya, na mtu akiona viroboto kwa paka anachovya kitambaa humohumo. Nyingi kati ya hizo, hasa zenye sumu ya wadudu iitwayo permethrini, paka haziwezi, kwa udhaifu uleule wa ini niliousema kwenye Panadol. Anatetemeka na kutokwa mate.

Jambo moja zaidi ni la usalama wenu. Kichaa cha mbwa kipo nchini, na paka hukipata. Paka mwenye kichaa naye anaweza kuanza kwa kujificha gizani, halafu akabadilika akawa mkali ghafla. Simwoni wako akiwa hivyo, maana umempapasa akatulia, lakini umesema ni kitanda cha watoto. Leo watoto walale chumba kingine, na asiwepo wa kuingiza mkono uvunguni. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo aseme wazi kwamba ni paka mgonjwa. Kama paka wako hajachanjwa kichaa, mwambie daktari wa wanyama mapema kabla hajamshika.

Ukiwa umelala hapo sakafuni, hesabu pumzi zake. Kifua kikipanda na kushuka ni moja. Paka aliyetulia huvuta kama 20 mpaka 30 kwa dakika. Zikizidi 40 akiwa amelala, au akipumua mdomo wazi kama mbwa aliyekimbia, hiyo ni dharura sawa na mkojo. Mambo ya pua kavu au pua baridi yaache, hayapimi homa.

Kumtoa kwa nguvu, la. Ukimvuta mguu utampata na meno yake, na kama kuna mfupa uliovunjika utauharibu zaidi. Funga mlango na madirisha. Ondoa masanduku moja moja taratibu, ukianza na ya mbele, mpaka abaki amefunikwa na kitanda tu. Halafu inua kitanda chenyewe, watu wawili, mkisogeze pembeni. Mtupie taulo zito au blanketi, mkusanye mzimamzima kama unavyokusanya nguo kutoka kwenye kamba, kichwa kikiwa kimefunikwa, na umweke kwenye tenga la kuku lenye kitambaa ndani. Tenga ni zuri kuliko boksi, linapitisha hewa na halipasuki mvua ikinyesha. Lifunike na khanga ili abaki kwenye giza lake. Kwa njia hiyo unalihamisha pango lake zima mpaka kwa daktari.

Kuhusu daktari niseme ukweli. Moshi na Arusha riziki ya wengi wetu ni ng'ombe wa maziwa na kuku, na wapo watakaokwambia paka hatibiwi, nunua mwingine. Piga simu kwanza uulize maneno mawili: "Unatibu paka?" Ukikosa, afisa mifugo wa kata yako atajua nani mjini anawatibu. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini kuuza dawa si kuwa daktari. Hakikisha unayempelekea amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Pesa ikiwa ndogo, sema mapema usione haya. Mwombe aanze na vitu vya mikono: apime joto, akiguse kibofu, aangalie fizi, apapase mwili mzima kutafuta jipu au mvunjiko. Hivyo vinne peke yake vinafumbua mengi kabla ya kipimo chochote cha mashine. Na kama atakuta figo zimeshakufa au mgongo umevunjika, anaweza kukushauri mnyama alazwe usingizi wa mwisho. Huo ni ushauri wa haki, na pengine hapo ndipo mama mkwe wako atapata ile heshima anayoitaka, kwa dakika chache bila maumivu badala ya siku tatu uvunguni.

Ungeniuliza kama ingewezekana kusubiri, ningekwambia ndiyo, kwa paka mwingine: jike, amejificha tangu asubuhi tu, anakojoa, anapumua vizuri, anakunywa maji. Huyo mpe mpaka kesho asubuhi. Wako ameshapitisha zaidi ya siku nzima bila chakula. Paka asipokula siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwilini yanakimbilia kwenye ini na kulijaza mpaka linashindwa kazi, na hapo unakuwa na magonjwa mawili. Usimsukumie uji wala maziwa mdomoni ukidhani unamsaidia, vitaingia kwenye mapafu.

Akirudi nyumbani ametibiwa, uwezekano mkubwa ni kwamba ataingia uvunguni tena. Safari hiyo mwache. Mwekee maji na karai lake la mchanga hatua chache tu, na dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, wakiwa vuguvugu ili harufu imfikie. Kila asubuhi na jioni angalia tu sahani na mchanga. Paka mwingine wa nyumbani akimfokea msishangae, ana harufu ya dawa, itaisha.

Ukifika kwa daktari mwambie mara ya mwisho alikula lini, mara ya mwisho uliona mkojo lini, na kila kitu alichopewa au kupakwa tangu juzi, hata kama ni ile Panadol na unaona aibu kuitaja.